Mzee aliyekataa kupigwa picha, na nywele nyekundu za Ayalandi

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa pili Cork, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku za mapumziko napiga picha. Nataka kuanza mfululizo wa picha za Waayalandi wenye nywele nyekundu na maisha yao, kwa sababu wenzangu kazini wanasema hao ndio Waayalandi halisi. Nimekwama mahali patatu. Kwanza, sijui kama hilo ni kweli. Pili, kila nikipiga, nywele zinatoka kama soda ya chungwa na uso unakuwa mweupe kama karatasi. Tatu, kuna mzee mmoja kijijini nilimwendea kwa adabu zote, nikamwambia napenda nywele zake na naomba kuzipiga picha. Akanitazama, akageuka, akaenda zake. Nilikosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na huyo mzee, maana yeye ndiye aliyekusomesha kuliko nitakavyokusomesha mimi.

Yasome tena maneno yako mwenyewe: uliomba kuzipiga picha nywele zake. Hukuomba kumpiga picha yeye. Mtu mwenye nywele nyekundu Ayalandi ameitwa kwa nywele zake tangu siku ya kwanza ya shule. Vijijini jina lake ni la mbweha, na akiingia baa watu humwita hivyo kabla hawajamwita kwa jina alilopewa na mama yake. Watoto humtania, na kwa wengine utani huo hugeuka kuwa mateso ya miaka. Tena kuna imani ya zamani zaidi: mvuvi akielekea pwani asubuhi akakutana na mwanamke mwenye nywele nyekundu, alirudi nyumbani, siku hiyo haendi baharini. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi walitumwa kwa wazee wao wakaandike visa na imani za kale, na madaftari yao yanatunzwa mpaka leo katika chuo kikuu cha UCD, Dublin. Imani hiyo ya wavuvi imo humo, imeandikwa kwa mwandiko wa watoto. Mzee wa miaka sabini na kitu alilelewa na watu wa kizazi hichohicho. Basi anapotokea mgeni na kamera na kumwambia anataka nywele, anasikia sauti aliyoisikia maisha yake yote.

Nakuambia hivi kwa sababu nami nilifanya kosa hilo. Mwaka wangu wa kwanza Galway nilipiga picha ya msichana mdogo sokoni siku ya Jumamosi, nywele zake zikiwaka kama kaa la moto. Mama yake alikuwa karibu, akakubali. Niliitundika ile picha katika maonyesho madogo ya mtaani, na mama yule akaja kuiona. Aliniuliza swali moja tu: "Anaitwa nani?" Sikulijua jina. Picha ile niliishusha jioni ileile, na tangu hapo sijapiga picha ya mtu kabla ya kulijua jina lake na kazi ya mikono yake.

Sasa hilo la "Waayalandi halisi". Hapana, si kweli. Duniani kote, wenye nywele nyekundu ni mtu 1 au 2 katika kila 100. Ayalandi hukadiriwa kuwa takriban mtu 1 katika kila 10, na Waskoti hawako mbali. Ni wengi, lakini piga hesabu upande wa pili: Waayalandi 9 katika 10 hawana nywele hizo. Kaa kituo cha basi pale Cork nusu saa utazame. Utaona nywele za kahawia na macho ya buluu zaidi ya kitu kingine chochote.

Chanzo chake ni jeni moja iitwayo MC1R, iliyoko kwenye kromosomu ya 16. Wanasayansi waliihusisha na nywele nyekundu mwaka 1995. Kazi ya jeni hiyo ni kuiamuru seli itengeneze rangi nyeusi, eumelanini. Ikiwa imebadilika, amri haifiki vizuri, na seli inabaki kutengeneza rangi ya manjano na wekundu, feomelanini. Kwa kawaida mtoto anahitaji nakala mbili zilizobadilika, moja ya baba na moja ya mama. Ndiyo maana wazazi wawili wenye nywele za kahawia, kila mmoja akiwa na nakala moja aliyoificha bila kujua, wanaweza kupata mtoto mwekundu. Kila mimba ina nafasi 1 katika 4. Utawakuta dada wawili wa tumbo moja, mmoja mwekundu na mmoja mweusi wa nywele. Nani hapo halisi?

Huku kwetu karibu na ikweta jua halikuacha mabadiliko hayo yaenee, kwa sababu ngozi isiyo na rangi nyeusi ya kutosha huungua. Ndiyo maana jicho letu halikuzoea. Sisi nywele za mtoto zikigeuka nyekundu na kulegea, tunawaza kwashiakoo, tunampeleka kliniki. Nywele nyekundu za mtu mzima tunazijua za hina, kama ndevu za wazee wa Mombasa na Unguja. Unapomtazama Muayalandi, macho yako yanaanza na mshangao, na mshangao ndio uliokufanya uone nywele peke yake.

Ila lugha yetu na yao zinakutana mahali pamoja pazuri. Kiayalandi kina maneno mawili ya wekundu. Dearg ni wekundu wa damu, wa rangi ya ukutani. Rua ni wekundu wa nywele na wa manyoya ya mnyama; mbweha kwao ni madra rua, mbwa mwekundu. Nywele haziwi dearg hata siku moja. Nasi tunasema "dada yule mwekundu" tukimaanisha maji ya kunde, na hakuna Mswahili atakayedhani ngozi yake ni kama damu. Neno ni hilohilo, ila kwenye mwili wa mtu linapata maana yake ya pembeni. Siku ukikutana na mtu anayezungumza Kiayalandi, ifahamu rua. Ni neno lisilo na kejeli, na limo katika majina ya heshima: Ruairí maana yake ni mfalme mwekundu.

Katika waliobeba neno hilo, Aodh Rua Ó Domhnaill ndiye maarufu kuliko wote, mwana wa mtawala wa Donegal, aliyezaliwa 1572. Mwaka 1587, akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, Waingereza walimvuta kwa hila hadi kwenye meli iliyotia nanga Rathmullan, wakamkaribisha mvinyo, kisha wakang'oa nanga naye. Alifungwa katika ngome ya Dublin. Alitoroka mara moja akakamatwa. Akatoroka tena Januari 1592, katikati ya baridi kali, akavuka milima ya Wicklow kwenye theluji. Mwenzake Art O'Neill alikufa huko njiani. Aodh Rua alifika hai, lakini miguu ilikuwa imeganda na vidole gumba vyote viwili vikakatwa. Aliongoza vita miaka mingi, akashindwa Kinsale mwaka 1601, hapo karibu na unapoishi wewe. Akaenda Hispania kuomba msaada, akafia Simancas mwaka 1602, hajafika miaka thelathini.

Mwaka 2020 wataalamu wa mambo ya kale walichimba Valladolid, mahali alipozikwa, wakitafuta mifupa yake. Unajua alama waliyoitafuta? Kiunzi kisicho na vidole gumba vya miguu. Nywele zilimpa jina kwa miaka mia nne, lakini ilipofika saa ya kumtambua mtu mwenyewe, walitafuta alama ambayo maisha yalimwachia. Naomba uende nalo hilo popote utakapobeba kamera yako.

Na kuna mwanamke ambaye nywele zake zilimmeza kabisa. Joanna Hiffernan alizaliwa Limerick mnamo 1839, familia yake ikahamia London akiwa mdogo. Mchoraji Mmarekani James McNeill Whistler alimpata akiwa kijana, na majira ya baridi ya 1861 hadi 1862 akamchora amesimama, gauni jeupe, pazia jeupe nyuma yake, nywele nyekundu zimeachwa mabegani. Royal Academy ya London iliikataa picha hiyo. Maonyesho makuu ya Paris nayo yakaikataa. Mwaka 1863 ikawekwa katika maonyesho ya kazi zilizokataliwa, na watu walisongamana kuitazama. Leo iko Washington. Miaka michache baadaye Mfaransa Gustave Courbet alimchora Jo akijitazama kiooni huku ameshika nywele zake kwa mkono mmoja. Aliirudia picha hiyo mpaka yakawa matoleo manne, na moja alibaki nalo mwenyewe. Leo inajulikana kwa jina "Jo, Muayalandi mrembo".

Sasa tazama tunajua nini juu yake. Nywele zake tunazijua uzi kwa uzi. Lakini huyu alikuwa mtu wa kuaminika katika mambo ya fedha: Whistler alipokwenda Chile mwaka 1866 alimwachia Jo mamlaka ya kisheria ya kusimamia mambo yake, na wasia wa kumrithisha. Baadaye Whistler alipozaa mtoto na mwanamke mwingine, Jo na dada yake ndio waliomlea. Mlezi, msimamizi wa mali, mwanamke mwenye moyo huo, na bado kwa miaka mingi vitabu vilisimulia kwamba alionekana kwenye jeneza la Whistler mwaka 1903, akafunua shela, nywele zikamtambulisha. Watafiti walipofuatilia kumbukumbu za vifo waligundua Jo alikufa 1886, miaka kumi na saba kabla ya mazishi hayo. Watu walikuwa wameona nywele kichwani mwao wakazitungia mwili. Mimi jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Wachoraji wakubwa wawili walimtazama kwa saa na saa, na hakuna aliyetuandikia alikuwa anafikiri nini.

Tuje kwenye soda ya chungwa. Hapa huna kosa la peke yako. Kamera zimekuwa zikiwakosea watu hawa tangu zilipobuniwa. Karne ya kumi na tisa, zile bamba za kioo za kolodioni hazikuuona mwanga mwekundu, ziliuona wa buluu tu. Nywele nyekundu zilitoka karibu nyeusi, madoadoa ya uso yakatoka kama matone ya wino, na macho ya buluu yakafifia. Wafungwa wa kisiasa wa Ayalandi waliopigwa picha katika gereza la Mountjoy, Dublin, miaka ya 1860, ukiwatazama leo huwezi kumjua mwekundu ni yupi. Rangi ya nywele ilibaki kazi ya kalamu ya karani.

Miongoni mwa picha za rangi za mwanzo za Ayalandi ni zile za mwaka 1913, na waliozipiga ni wanawake wawili Wafaransa, Marguerite Mespoulet na Madeleine Mignon-Alby, waliotumwa na tajiri Albert Kahn. Walipiga Galway, kwenye kijiji cha wavuvi cha Claddagh, wanawake wakiwa na shali nyekundu. Bamba walizotumia, autokromu, zilifunikwa kwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi tatu. Wanga wa viazi, katika nchi ambayo ugonjwa wa viazi ulileta njaa ya 1845 hadi 1852 ukaua watu kama milioni moja! Kila nikisimulia hili huwa nanyamaza kidogo. Rangi za picha zile ni tulivu, zimepoa, na nyumba zile za makuti ya majani zilibomolewa miaka ya 1930.

Rangi unayoipata wewe inatoka kwingine. Katikati ya miaka ya 1950 Mwingereza John Hinde alianzisha Dublin kampuni ya postikadi. Alipiga mandhari, akabeba matawi ya maua ayaweke mbele ya lenzi, kisha akatuma filamu Milan rangi zikakolezwe huko kwa maagizo yake. Postikadi iliyovuma zaidi ni ya watoto wawili wenye nywele nyekundu na punda aliyebebeshwa mboji kavu ya kuwashia moto, kule Connemara. Dunia nzima iliipokea kama sura ya Ayalandi. Picha yenyewe ni nzuri na ninaipenda, lakini iliwafundisha wapiga picha wote waliofuata kwamba wekundu lazima uwake. Simu yako nayo imefundishwa hivyo.

Fanya hivi. Zima mambo yote ya kukoleza rangi na ya kulainisha ngozi, na piga faili ghafi (RAW) kama kamera yako inaruhusu. Tazama histogramu, ule mchoro wa kiasi cha mwanga kwenye kioo cha kamera, na iwe ya rangi tatu, si ile moja ya jumla. Utaona mstari mwekundu umegonga ukuta wa kulia huku mingine ikiwa na nafasi. Punguza mwanga theluthi mbili za hatua moja ya kamera (stop) mpaka uachane na ukuta. Mwekee mtu kadi ya kijivu mara moja mwanzoni, urekebishe rangi kwa kadi hiyo, usiiachie kamera ikisie, hasa palipo na majani, kwa sababu kamera ikiona kijani kingi humrudishia mtu uwaridi. Usimsimamishe kwenye nyasi zenye jua: kijani huruka kutoka chini kikampanda kidevuni, na ngozi yao nyeupe hukipokea chote. Ukihariri, gusa chungwa kwanza, uishushe kidogo, nyekundu iache.

Uso kuwa kama karatasi ni habari ya kope. Wengi wao wana kope na nyusi za rangi hafifu mno, na mwanga ukija kutoka mbele, macho hupotea. Mketishe ubavuni mwa dirisha, mwanga uje kwa upande, na utaona uso unajengeka: kope zinatupa kivuli chembamba, madoadoa yanapata kina. Mawingu ya Cork ni rafiki yako, yatumie. Jua likitoka, mpeleke kivulini bila kuuliza. Wewe umetoka nchi yenye watu wenye ualbino, unajua thamani ya kofia na mikono mirefu. Wekundu nao wamo hatarini. Saratani ya ngozi ndiyo saratani inayoongoza Ayalandi kwa idadi ya wagonjwa, na utafiti wa 2016 ulidokeza kuwa hata aliyebeba nakala moja tu iliyobadilika ya jeni ile ya MC1R ana hatari iliyoongezeka, ingawa nywele zake si nyekundu. Wazee waliofanya kazi mashambani na baharini utawakuta na makovu madogo puani au sikioni, daktari alipokata. Makovu hayo usiyafute.

Kabla hujaendelea, tembelea Dublin siku moja ukamtazame Luke Kelly, mwimbaji wa kundi la The Dubliners, mwenye nywele na ndevu nyekundu zilizojulikana nchi nzima. Alizaliwa Sheriff Street mwaka 1940, akaacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu, akaenda Uingereza kuhangaikia vibarua vya kila namna, akarudi na nyimbo za wafanyakazi. Alikufa 30 Januari 1984 kwa uvimbe wa ubongo, ana miaka 43. Tarehe hiyohiyo mwaka 2019 zilizinduliwa sanamu zake mbili. Moja, ya John Coll, iko South King Street: ameketi na banjo yake. Nyingine, ya Vera Klute, iko mtaani kwao kule Sheriff Street: kichwa kikubwa cha marumaru, na nywele na ndevu ni maelfu ya nyuzi za shaba. Wahuni wameichafua kwa rangi mara kadhaa, na kila mara imesafishwa. Zunguka taratibu. Utaona msanii hakukwepa nywele hata kidogo, amezipa kazi yote ya mikono, na bado anayekutazama ni Luke. Kisha rudi katikati ya mji, tembea dakika chache kutoka South King Street hadi Harry Street, umwone Phil Lynott, mwimbaji wa roki mweusi aliyelelewa Crumlin. Hao wawili ni Dublin ileile. Wenzako wa kazini wakikuambia tena habari ya uhalisi, waonyeshe picha za hizo sanamu zikiwa pamoja.

Na sasa neno langu juu ya mfululizo wako. Unahangaika vijijini kutafuta nywele nyekundu, na huku unafanya kazi ndani ya nyumba iliyojaa watu waliokuwa nazo. Nywele hizi haziingii mvi kama zetu. Hufifia polepole, zikawa rangi ya mchanga, kisha nyeupe. Kati ya wazee ishirini, inawezekana wawili watatu walikuwa wekundu, na hakuna mfanyakazi anayejua. Waulize wakati unawachana nywele: nywele zako zilikuwa rangi gani ulipokuwa msichana? Utasikia mambo ambayo hakuna kamera ingeyapata. Nani alimvuta nywele shuleni. Nani alimwandikia barua kutoka Boston akizitaja. Nani alizipaka rangi nyeusi miaka ishirini ili apate kazi London bila kuulizwa ametoka wapi.

Ila usipige picha hata moja ya mzee anayetunzwa hapo bila ruhusa ya maandishi: yake kama akili yake inaijua ruhusa, ya familia pia kama imeanza kupotea, na ya uongozi wa nyumba kwa vyovyote. Siku ambayo hakumbuki alikubali nini jana, iache kamera ndani ya mfuko.

Kwa yule mzee wa kijijini, rudi bila kamera. Mwambie umekuja kuomba radhi, na umwambie jina lako na la kwenu. Muulize alifanya kazi gani. Kama ni mvuvi, wewe ni mtoto wa Tanga, mna ya kuzungumza mpaka jua litue. Huenda asikubali picha kamwe, na hiyo ni haki yake. Ukikubaliwa, na yeye au na mmoja wa wazee wako wa kazini, nitumie picha hiyo ya kwanza, na chini yake andika jina alilolichagua mwenyewe.